Pasipoti ya Micia

Kuna sarafu ya fedha iliyotengenezwa Taranto, kusini mwa Italia, karibu mwaka 430 kabla ya Kristo. Upande mmoja kijana amempanda pomboo. Huyo ni Taras, ambaye mji uliitwa kwa jina lake. Upande wa pili kuna mwanamume ameketi, ameshika ndege, na chini yake paka ananyoosha miguu ya mbele amnyakue huyo ndege. Mji ulikuwa wa Wagiriki waliotoka Sparta, watu wasiosifika kwa michezo, lakini walipotaka picha ya kuweka kwenye pesa yao, paka alipata nafasi.

Mwaka uliopita nilisafiri hadi mji huohuo nikiwa na paka kwenye kikapu. Hakuwa wangu. Shangazi alikuwa akimtunza bibi mmoja mzee huko Reggio Calabria, kazi ambayo anayeifanya Waitaliano wanamwita badante na ambayo imelipa karo za watoto wengi walio mbali na Italia. Bibi alipofariki, watoto wake waligawana nyumba na vyombo. Paka hakuulizwa na mtu. Shangazi akapata kazi nyingine Taranto, na mimi niliyekuwa nimemtembelea nikawa mbeba kikapu. Paka anaitwa Micia, ambayo kwa Kiitaliano ni kama sisi kumwita paka Pusi.

Pwani ya Ionia, ile iliyo chini ya wayo wa kiatu cha Italia, haimo kwenye picha za mafungate. Kutoka Reggio hadi Taranto ni zaidi ya kilomita 400, karibu sawa na Nairobi hadi Mombasa, ila huko SGR hakuna. Tulibadilisha treni Catanzaro Lido, tukabadilisha tena Sibari, na siku ikaisha hivyo. Bahari iko mkono wa kulia karibu njia nzima. Kushoto, juu ya vilima, ndiko kulikojengwa miji ya zamani, na chini kando ya reli mingi ina pacha wake mwenye jina lilelile na neno Marina. Kwa karne nyingi watu waliikimbia pwani hii kwa sababu ya malaria na maharamia waliokuja kuteka watu. Walianza kuteremka kwa wingi reli ilipojengwa, karne ya 19.

Micia alilia hadi Locri, kisha akachoka.

Sasa, huyu mnyama alifikaje huku? Wagiriki wa mwanzo hawakuwa watu wa paka. Panya wao walikamatwa na wanyama wa jamii ya kicheche. Paka alikuwa wa Misri. Wanasayansi waliochunguza DNA wanasema paka wa nyumbani, popote alipo, ametokana na paka-mwitu anayeitwa Felis lybica, wa Afrika na Mashariki ya Kati. Bado yuko hata kwetu. Ukimwona Laikipia utadhani paka wa jirani amepotea. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha ukoo wa paka wa Misri ukisambaa kwa njia za meli nyakati za Wagiriki na Warumi, hadi baadaye ukaonekana kwenye bandari ya Waviking huko Baltiki. Hakuna aliyepanga safari hiyo. Meli ya nafaka ilibeba panya, na meli yenye panya ilihitaji paka. Ikitia nanga, yeye anaruka gatini, anaangalia huku na huku, anakaa.

Kabla ya Crotone treni inapita karibu na Steccato di Cutro. Alfajiri ya tarehe 26 Februari 2023, mashua ya mbao iliyotoka Uturuki ilivunjika hapo, karibu kabisa na ufukwe. Watu wasiopungua 94 walikufa, wengi wao Waafghani, na watoto walikuwa wengi. Majeneza yalipangwa kwenye ukumbi wa michezo wa Crotone, ya watoto yakiwa meupe. Ubishi kuhusu kwa nini hawakuokolewa mapema ulifika mahakamani. Nilichungulia dirishani nikitegemea kuona kitu, sijui nini. Ni ufukwe tu. Mchanga, mikalitusi, nyumba za likizo zilizofungwa.

Najua kuna watakaoudhika nikimtaja paka na watu hao katika makala moja. Lakini njia ni ileile ya bahari, kutoka mashariki kuja magharibi, na makaratasi ndiyo tofauti. Mimi nilikuja kwa ndege. Fomu ya visa ilitaka mwajiri au chuo. Chuo niliacha mwaka wa tatu, na anayelipwa kwa M-Pesa makala kwa makala hana barua ya bosi. Nikapeleka mwaliko wa shangazi, stetimenti za benki, bima, tiketi ya kurudi. Micia ana pasipoti ya buluu ya Umoja wa Ulaya, yenye namba ya chipu iliyo chini ya ngozi yake na muhuri wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Bibi alimchukulia ili awe anaenda naye kwa binti yake Ufaransa. Hakuna ukurasa unaouliza kama ana nia ya kurudi kwao. Na kwenye treni, akiwa ndani ya kikapu, hakulipa hata senti.

Sibari tulisubiri treni muda mrefu, nikamsimulia shangazi habari za Herodotus. Karibu na stesheni hiyo Wagiriki walianzisha mji wa Thurii, karibu mwaka 443 kabla ya Kristo, na yeye akahamia huko. Ndiye aliyeandika kwamba huko Misri paka wa nyumbani akifa, watu wote wa nyumba hiyo hunyoa nyusi. Inawezekana majirani zake wa Thurii walimsikia akisimulia hayo wakacheka.

Shangazi hakucheka. "Na paka akifiwa na mtu je, ananyoa nini?"

Taranto tulifika usiku. Nyumba mpya ya shangazi ni chumba kimoja nyuma ya jiko la mwajiri wake, dirisha linatazama ukuta. Micia alikagua pembe zote, akaingia chini ya kitanda. Kesho yake shangazi alitoa ile pasipoti ajaze ukurasa wa mwenye paka. Nafasi ya kwanza ina jina la bibi, kwa mwandiko unaotetemeka. Ya pili akaandika lake, jina la Kikuyu lenye herufi ambazo huko humlazimu kuzitaja moja moja, na anwani ya mwajiri. Akapuliza wino ukauke.