Chapa za George Lilanga

Chapa za George Lilanga ni picha za karatasi zilizochapwa kwa bamba la metali. Lilanga (1934–2005), msanii wa Kimakonde mwenye asili ya Masasi, mkoani Mtwara, aliingia Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, miaka ya 1970 kwa msaada wa jamaa yake, mchongaji Augustino Malaba. Kituo hicho kilianzishwa na mtawa Mmarekani, Sista Jean Pruitt.

Ili kuchapa picha, bamba hupakwa nta, likachorwa kwa sindano, kisha likatiwa kwenye tindikali inayokula mistari iliyoachwa wazi. Wino hujazwa mistarini na karatasi yenye unyevu hukandamizwa juu yake.

Wahusika wa Lilanga ni mashetani wa uchongaji wa Kimakonde: masikio makubwa, midomo mipana, matumbo yaliyotuna, vidole viwili vitatu. Lakini hawakai porini. Wanakunywa, wanacheza ngoma, wanasengenyana na kusukumana kama watu wa mjini, tena wamebanana hata nafasi tupu haionekani. Mmarekani John Sloan alichapa mikusanyiko ya New York kwa njia hiyohiyo ya bamba na tindikali mnamo 1905–1906, akifuata sura halisi za watu. Lilanga aliziacha sura hizo, na bado mtazamaji humtambua jirani yake. Pengine ndiyo sababu mizaha yake haichoshi.

Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington. Baadaye alijulikana zaidi kwa michoro ya rangi kali.