Kila Chombo kwa Wimbile

Wahenga wa pwani walinena kwamba kila chombo kwa wimbile, na ijapokuwa waliviangalia vyombo vya baharini, kauli yao yasadifu pia eropleni ambazo Wamarekani huziunda kwa mikono yao majumbani. Mwaka 1953 Paul Poberezny aliasisi chama cha waundaji hao huko Milwaukee, na zama hizo eropleni zao aghalabu zilikuwa za mwendo wa pole. Bali katika miaka ya 1970 alitokea fundi stadi wa California, Burt Rutan, aliyesanifu VariEze na kisha Long-EZ, nyepesi, za sponji ngumu na nyuzi za kioo, zenye bawa dogo mbele na rafadha nyuma, zilizokwenda kasi na mbali kwa petroli haba.

Jioni ya tarehe 12 Oktoba 1997, mwimbaji mashuhuri John Denver, rubani mwenye saa zaidi ya 2,700 angani, alipaa kutoka Monterey kwa Long-EZ aliyokuwa ameinunua karibuni, naye hakurudi: eropleni ilitumbukia baharini akafa. Wachunguzi wa serikali walibainisha kwamba Rutan aliichora bilula ya kubadili tangi katikati ya miguu ya rubani, lakini muundaji wa chombo kile aliihamishia nyuma ya bega la kushoto, hata anayeitaka ilimlazimu ajipinde kiwiliwili kizima, na katika kujipinda huko mguu wa kulia ukaweza kuikanyaga pedali ya usukani pasipo kukusudia. Si kwamba kasoro hiyo haikujulikana, kwani kabla ya kupaa Denver na fundi mmoja walijaribu kuirefusha bilula kwa koleo, isifae. Fundi akampa kioo cha kutazamia vipimo vya mafuta vilivyokuwa nyuma yake, naye akakataa kuongezewa petroli, akisema safari yake ni ya saa moja tu.

Basi hazikuwa mbawa zilizomwangusha, wala upungufu wa saa za angani, bali saa hizo zilikuwa za vyombo vingine, ambapo kwa hiki alikuwa amefunzwa kiasi cha nusu saa. Ewe utwaaye chombo kilichoundwa na mwenzio, keti kwanza ndani yake kingali ardhini, ufumbe macho, na usiondoke mpaka mkono wako uijue kila bilula ilipo.