Mwito na Kusita katika Ukristo wa Kilwa na Pwani ya Lindi

MWITO, au wito, ni jina litokanalo na kitendo cha kuita, na katika istilahi ya Wakristo hutumika kwa sauti ya Mungu impasayo mwanadamu kuondoka alipo na kwenda atumwako, iwe ni kwenye upadri, utawa, uinjilisti au utumishi mwingine wowote. Katika mwambao wetu jambo la kuitwa lina adabu zake tangu kale: aitwaye na mkubwa wake hanyamazi, bali huitika “naam”, au “labeka”, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo zamani lilikuwa itiko la mtoto kwa mzazi na la mtumwa kwa bwana wake, na wahenga wakaongeza usia usemao, usikatae mwito, kataa neno. Maana yake ni kwamba kufika mbele ya aliyekuita ni wajibu, ilhali kulikubali au kulikataa atakalokuambia ni shauri jingine, nalo huja baadaye. Makala hii inaishika tofauti hiyo, kwa kuwa mwenye kuisahau hudhani hofu ya watumishi wa Mungu ni uasi, na aghalabu sivyo.

Maandiko yenyewe yanaithibitisha. Musa, mbele ya kijiti kiwakacho moto kisiteketee, alitoa udhuru baada ya udhuru, hata akataja uzito wa ulimi wake na kuomba atumwe mwingine. Yeremia alijitetea kwa utoto wake. Gideoni alitaka ishara ya ngozi ya kondoo mara mbili. Lakini wote hao walisita wakiwa wamesimama mbele ya aliyewaita, wakizungumza naye. Yona ndiye aliyeukataa mwito wenyewe, akateremka Yafa, akalipa nauli, akaingia merikebuni kwenda Tarshishi. Na watu wa Kilwa na Lindi hawahitaji kufundishwa kisa hicho, maana Nabii Yunus na samaki wake wanajulikana madrasani na kanisani sawia. Kanisa la kale nalo lilikuwa na watu wake waliosita: Ambrose alijificha watu wa Milano walipomtaka awe askofu mwaka 374, na Augustino alitokwa na machozi siku alipopewa upadri Hippo mwaka 391.

Katika pwani hii Ukristo haukuanza kwa mwito. Mnamo Julai 1505 majeshi ya Wareno yakiongozwa na Francisco de Almeida yaliuteka mji wa Kilwa Kisiwani, watawa wa Mtakatifu Fransisko wakauingiza msalaba nyuma ya mizinga, ngome ikajengwa, na mwaka 1512 Wareno wakaondoka. Lililobaki ni neno: wengi wa wataalamu wa lugha hulinasibisha jina “gereza” na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Msomaji na atue kidogo hapo, kwa sababu hofu aliyokuwa nayo mtu wa pwani dhidi ya dini ya wageni haikuwa ushupavu wala ujinga, ikiwa nyumba ya ibada na nyumba ya kifungo ziliweza kuitwa kwa jina moja.

Karne tatu na nusu zikapita. Wakati huo Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa kuliko zote za kusafirishia mateka waliotoka pande za Ziwa Nyasa, hata Sultani Barghash wa Unguja alipotia sahihi mkataba wa kuifunga biashara hiyo ya baharini, mwezi wa Juni 1873. Chama cha Misheni cha Vyuo Vikuu, cha Waanglikana, kilichojulikana kwa herufi UMCA, kilikuwa kimekwisha kulijaribu bara na kushindwa: Askofu Mackenzie alifariki kwa homa mwaka 1862 katika nchi ya mto Shire, na mrithi wake, Tozer, akarudi nyuma hata Unguja mwaka 1864, jambo alilolaumiwa nalo vikali na Livingstone. Walioliita tendo hilo woga hawakukosa sababu, lakini katika kurudi huko ndiko kulikozaliwa shule ya Kiungani, kijiji cha Mbweni na, katika uwanja wa soko la watumwa, kanisa la Mkunazini. Yaani ndiko walikopatikana wale watu hasa ambao baadaye wangeweza kuliendea bara wakiwa na ndugu zao huko.

Edward Steere, mwandishi wa kitabu maarufu cha sarufi ya Kiswahili cha mwaka 1870, alikuja na Tozer kama rafiki wa kumsindikiza kwa muda, si kama mtu wa kukaa. Tozer alipojiuzulu na uaskofu ukaelekezwa kwake, Steere alisita, akapenda atafutwe mwingine kwanza, kisha akakubali, akawekwa wakfu London mwaka 1874. Mwaka uliofuata alishuka Lindi na kwenda kwa miguu hadi Mwembe kwa Mataka, mfalme wa Wayao. Na mnamo Oktoba 1876 akatoka Unguja tena, safari hii akifuatana na wake kwa waume zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani, ili awapeleke kwao.

Kikundi hicho ndicho kiini cha habari yetu, na vitabu vingi hukipita kwa mstari mmoja kwa haraka ya kumfikia askofu. Hebu tuwatazame wanapotoka Lindi na kuiacha bahari nyuma yao, kila mmoja na mzigo wake kichwani, wakishika njia ya magharibi. Watu hao walikuwa wameshuka pwani kwa njia za namna hiyo hiyo katika misafara ya mateka, na njia hizo zilikuwa hazijakoma; aliyetekwa mara moja ajua kwamba anaweza kutekwa mara ya pili. Unguja walikuwa na nyumba na shamba, nao wakaambiwa waviache vyote. Ni watu waliokuwa wameitika “labeka” kwa mabwana wasiowachagua. Safari hii waliitwa na mtu aliyeweza kukataliwa, wakaenda. Walipofika Masasi, chini ya miamba mikubwa palipo Mtandi leo, wakaona nchi njema yenye maji, wakataka kukaa papo hapo badala ya kuendelea mpaka Nyasa, na Steere akaridhia. Basi hata kituo cha kwanza cha misheni hiyo katika bara la Lindi hakikuchaguliwa na askofu peke yake. Kilichaguliwa na watu waliokuwa na haki ya kuchoka. William Percival Johnson, kijana wa miaka 22, akaachwa pamoja nao, na Chauncy Maples akamfuata mwaka 1877.

Hofu yao ya kutekwa tena haikuwa ya bure. Mnamo Septemba 1882 Wangoni, walioitwa huko Magwangwara, waliivamia Masasi, wakachoma nyumba, wakaua, wakachukua mateka; padri mmoja, W. C. Porter, akawafuata hadi kwao kutaka mateka hao wakombolewe, na Maples akahamishia kazi Newala, kwa Matola. Atendaye neno la Mungu hapewi dhamana ya usalama, na mhubiri amwahidiye kijana kinyume cha hayo anamdanganya.

Habari ya Cecil Majaliwa yafuata hapo, nayo ni ya hofu ya namna nyingine. Majaliwa alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akafikishwa Unguja, akalelewa na kufundishwa Kiungani, kisha akapelekwa Uingereza kusoma katika Chuo cha Mtakatifu Augustino, Canterbury. Mnamo 1886 alitumwa Chitangali, katika nchi ya Newala, kwa mkuu wa Wayao mwenye cheo cha Nakaam, na mwaka 1890 akapewa daraja ya upadri, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni hiyo. Jina lake maana yake ni yale aliyoyakadiria Mungu, na hakuna jina lililomfaa zaidi. Lakini majaliwa hayo yalikuwa mazito. Alirudi kwa Wayao wenzake akiwa amekulia pwani na kusoma Ulaya, mtu wao na si mtu wao, akabatiza, akafundisha, akasimamia kanisa kwa muda wa miaka kumi hivi, mbali na padri mwenzake wa kumwungamia au wa kumwambia tu kwamba amechoka. Ndipo akarejea Unguja. Wako waliokuona kurejea huko kama kushindwa. Mwandishi wa makala hii hakubaliani nao hata kidogo: mtu aliyesimama miaka kumi peke yake ameitika, na upweke ni hofu inayowaangusha watumishi wengi kuliko mkuki, kwa kuwa mkuki huja siku moja na upweke huja kila jioni. Kosa ni la waliomtuma wasimpe mwenzi, ilhali Bwana mwenyewe aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili.

Upande wa Wakatoliki, watawa wa Mtakatifu Benedikto walikuwa wamefungua misheni za Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka 1896. Vita vya Maji Maji vilipozuka, Askofu Cassian Spiss alikuwa njiani kutoka Kilwa kwenda Peramiho, misheni aliyoianzisha mwenyewe mwaka 1898. Tarehe 14 Agosti 1905, mahali paitwapo Mikukuyumbu karibu na Liwale, akauawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Lukuledi na Nyangao zikachomwa moto, na Masasi ya Waanglikana kadhalika. Haifai kuisimulia habari hiyo bila kusema kwamba waliopigana walikuwa na madhila yao ya kodi, ya kiboko na ya mashamba ya pamba ya serikali ya Kijerumani, na kwamba kwao mzungu mwenye msalaba hakutengana na mzungu mwenye bunduki. Kivuli cha mwaka 1505 kilikuwa kingali kirefu. Pamoja na hayo, mwaka uliofuata, 1906, watawa wa Mtakatifu Benedikto waliobaki wakaanzisha misheni ya Ndanda.

Wenyeji nao walikuwa na kusita kwao, kwa jambo lililo karibu zaidi na mwili: jando na unyago. Mzazi wa Kimakua, Kiyao au Kimakonde alichelea kwamba mwanawe akibatizwa atakosa kuingia jandoni, na asiyeingia jandoni hahesabiwi mtu mzima, hasikilizwi barazani wala hapewi mke. Vincent Lucas, aliyekuwa padri wa Masasi na kisha, mwaka 1926, askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo, aliisikiliza hofu hiyo badala ya kuikemea, na pamoja na mapadri na walimu wenyeji wakaweka jando la Kikristo lenye ngariba, kumbi na mafundisho yake, lililoanzwa na kufungwa kwa sala.

Turudi sasa kwenye adabu ya kuitika. Katika ibada ya daraja ya Kanisa Katoliki, kijana wa Lindi anayepokea upadri huitwa kwa jina akiwa bado amekaa katikati ya watu. Husimama, hujibu “nipo”, na hupiga hatua mbele. Maswali ya askofu, kama yuko tayari kwa hili na lile, huja nyuma ya jibu hilo, sawasawa na usia wa wahenga. Na mwito huweza pia kumwondosha mtu. Trevor Huddleston, aliyeitwa na shirika lake kutoka Afrika Kusini mwaka 1956 ilhali moyo wake ulikuwa huko, alikuja kuwa askofu wa Masasi mwaka 1960. Na mwaka 1968, akiona kwamba kiti kile ni cha wenyeji, alikiacha, akakikalia Hilary Chisonga, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Masasi, miaka 92 baada ya wale wake kwa waume kutua mizigo yao chini ya miamba.