Dakika Tatu za Kitovu

Mama wa Merigi akishikwa na uchungu siku hizi hukimbizwa Longisa, kwenye hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Bomet nchini Kenya, au hupelekwa moja kwa moja hadi hospitali ya Tenwek. Safari nzima ni mbio. Mtoto akishatoka na kulia, huja kazi moja isiyotaka mbio hata kidogo, nayo ni kukata kitovu.

Kitovu hakilali mara tu mtoto anapozaliwa. Ukikishika utakihisi kikidunda. Wakati huo karibu theluthi ya damu yote ya mtoto ingali nje, ndani ya kondo la nyuma, na huendelea kumrudia kwa dakika 2 au 3. Ukikibana mapema, damu hiyo hutupwa pamoja na kondo.

Jambo hili si geni. Aristotle aliandika habari za wakunga wa Ugiriki waliokamua damu ya kitovu kuirudisha kwa mtoto aliyezaliwa amelegea kama mfu, naye akazinduka. Mwaka wa 1801 daktari Mwingereza Erasmus Darwin, babu yake Charles Darwin, alionya kwamba kufunga kitovu kabla hakijaacha kudunda humdhuru mtoto. Kisha Paris, mwaka wa 1875, Pierre Budin akapima. Akakuta kwamba anayesubiriwa hupata takriban mililita 92 zaidi. Ni kama nusu kikombe cha chai, lakini mtoto wa kilo 3 ana damu isiyozidi vikombe viwili hivi.

Basi haraka ilitoka wapi? Iliingia polepole katika karne ya 20, uzazi ulipohamia hospitalini: mama amelazwa chali, mara nyingine amelewa dawa, na mtoto anangojwa na mikono mingine. Ernest Steury, daktari wa kwanza wa Tenwek, alifika huko mwaka wa 1959, na katika miaka iliyofuata kulienea duniani mpango wa kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua: sindano ya kukaza mji wa mimba, kubana kitovu upesi, kuvuta kondo kwa utaratibu. Mpango huo umeokoa akina mama wengi, wala si wa kubezwa. Ila baadaye ilidhihirika kwamba kazi kubwa ilifanywa na sindano. Kule kubana upesi kulikuwa kumedandia gari tu, bila kulipa nauli.

Ushahidi wa faida ya kungoja ulikuja kwa kupima chuma ambacho damu hiyo humletea mtoto. Mwaka wa 2006 utafiti wa Mexico, uliohusisha watoto 476, ulionyesha kwamba kungoja dakika 2 kulimwachia mtoto wa miezi 6 akiba ya ziada ya takriban miligramu 27 za chuma, zinazomtosha zaidi ya mwezi. Mwaka wa 2011 Ola Andersson na wenzake wa Uswidi, nchi isiyojua njaa, walipima watoto wa miezi 4: upungufu wa chuma ulikuwa asilimia 5.7 kwa waliobanwa upesi, na 0.6 kwa waliosubiriwa. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kungoja dakika 1 hadi 3 katika kila uzazi, isipokuwa mtoto anapohitaji kusaidiwa kupumua mara moja. (Hapo wakunga wa Aristotle wangebisha, na watafiti wa leo bado wanabishana.) Hata mama mwenye virusi vya Ukimwi hakutengwa na pendekezo hilo.

Hasara ipo, ingawa ni ndogo. Damu ya ziada ikivunjika humfanya mtoto awe na manjano, na wachache zaidi hulazimika kuwekwa chini ya taa. Lakini kuvunjika huko huko ndiko kunakoacha chuma mwilini kama akiba.

Na akiba hiyo ina kazi kubwa katika nchi ya chai. Maziwa ya mama yana chuma kidogo, ya ng'ombe vilevile, na katika nyumba nyingi za Bomet na Kericho ng'ombe yupo na chai haikauki. Mwaka wa 1975 watafiti wa Afrika Kusini walionyesha kwamba chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia chuma cha chakula hicho kuingia mwilini. Mtoto wa miezi 7 anayeonjeshwa chai ya maziwa na kiazi, jambo ambalo kila kogo, yaani nyanya, ameliona, anategemea mno kile alichozaliwa nacho.

Uzazi wa hospitali za umma ulipofanywa bure, Juni 1, 2013, wodi zilijaa, na dakika 3 si kitu rahisi kwa muuguzi anayeitwa na mama watatu. Tena zamani ilidhaniwa lazima amshike mtoto chini ya usawa wa kondo ili damu iteremke, huku mtoto akimteleza mikononi. Mwaka wa 2014 Nestor Vain na wenzake wa Argentina waliwapima watoto kwenye mizani kabla na baada ya dakika 2: waliolazwa juu ya mama walipokea damu karibu sawa na walioshikwa chini. Kwa hiyo mtoto hulazwa kifuani, akafunikwa, mama akadungwa sindano yake bila kuchelewa, na kibano kikabaki kwenye trei hadi kitovu kiache kudunda.