Kinanda na Mkono wa Mpigaji

Nikiwa chuo cha ualimu nilijifunza kupiga kinanda cha mvukuto, kile ambacho miguu hupuliza upepo huku mikono ikipanga sauti nne za wimbo. Kila kibao kilikuwa na ulimi wake wa shaba ndani, hivyo hata ukilalia vibao kwa viganja vyote viwili, vyote vililia. Sikuwahi kufikiri kwamba kinanda kinaweza kuishiwa sauti.

Kumbe sinthesaiza, yaani kinanda kinachotunga sauti kwa umeme, kilianza na ufukara huo hasa. Minimoog ya mwaka 1970 ilitoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Kila noti ya ziada ilidai mitambo yake yenyewe, nayo ilikuwa ghali na mizito. Yamaha CS-80 ya mwaka 1977 ilipiga noti nane kwa pamoja, lakini uzito wake ulizidi kilo 80. Mwaka 1978 ikaja Prophet-5, yenye noti tano na kumbukumbu ya kuhifadhi milio 40. Ukibonyeza kibao cha sita, noti mojawapo iliyotangulia hukatwa ili ya sita ipate nafasi. Tena haikutofautisha kidole kinachogusa na kidole kinachopiga. Yamaha DX7 ya mwaka 1983, iliyotunga sauti kwa hesabu za kompyuta, ilipiga noti 16 na kuhisi nguvu ya kidole.

Haya niliyajua baada ya kukosa. Katika miaka ya tisini, nikiwa mwalimu mkuu, nilikwenda mjini kuinunulia kwaya ya shule kinanda kilichotumika. Mwalimu wa muziki aliniomba tufuatane akakijaribu. Nikamwambia nitaweza peke yangu. Dukani nilihesabu milio: tarumbeta, filimbi, zeze. Sikuuliza kinapiga noti ngapi kwa pamoja.

Siku ya mahafali alikanyaga pedali ya kushikilia sauti, kama alivyozoea kwenye piano. Noti zikajaa, besi ikakatika katikati ya ubeti, na kwaya ikayumba. Wazazi walinong'ona kwamba mwalimu hajui kazi. Nilikuwa nimeketi mbele yao, nami nilikwisha kuelewa kosa ni la nani. Nikanyamaza. Nilimwomba radhi ofisini, faraghani, ilhali aibu aliipata hadharani.

Siku hizi noti 64 ni jambo la kawaida, ingawa vipo vinanda vipya vyenye noti chache kwa wale wapendao sauti za zamani. Apigaye noti mojamoja zinamtosha. Apigaye nyimbo za sauti nne kwa pedali ahesabu zaidi ya vidole vyake, na aliyelelewa na piano atafute vibao vinavyohisi mkono. Basi, ukitaka kununua, nenda na mpigaji mwenyewe. Mwache apige wimbo wake wa polepole kuliko zote, pedali ikiwa chini, nawe sikiliza besi.