Mwavuli Ulio Ndani ya Ngozi: Jibu la Mzazi kwa Mtoto

Familia nyingi za Pwani sasa zina watoto huku bara, Thika na Ruiru, wengine kwa sababu ya kazi za wazazi, wengine kwa shule. Mimi ni mmoja wa wazazi hao. Jambo la kwanza wanalolalamikia watoto wetu wakifika ni ngozi: Mombasa walikuwa waking'aa kwa jasho, Ruiru mwezi wa Julai miguu inapauka. La pili ni swali. Thika kuna shule ya vipofu iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na miongoni mwa wanafunzi wake kuna watoto wenye ualbino. Mtoto huuliza, "Mama, mbona yule ni mweupe hivi?" Wengi wetu humfinya anyamaze. Nimeandika haya ili mzazi awe na jibu.

Ngozi hufanya nini?

Ngozi ya mtu mzima ikitandazwa hufikia karibu mita mbili za mraba, mfano wa mkeka. Ina tabaka tatu. La juu ni la kinga, na hujifanya upya kila baada ya wiki nne hivi. Zile nongo zinazotoka tukijisugua kwa dodoki ni seli zilizokufa, zikichanganyika na mafuta na vumbi. La kati lina mishipa ya damu, neva za kuhisi, tezi za jasho na mizizi ya nywele. La chini ni mafuta, nayo hutunza joto.

Jasho likikauka huondoka na joto la mwili. Mombasa hewa imejaa unyevu, jasho hukawia kukauka, ndiyo maana twalowa. Ruiru wakati wa baridi, hewa hubeba unyevu mchache, maji hutoka ngozini upesi, nayo ngozi ikapauka. Mpake mtoto mafuta mara tu akitoka kuoga, ngozi ikiwa bado mbichi.

Rangi hutoka wapi?

Kila mtu, awe Mgiriama, Mkikuyu, Mhindi au Mzungu, ana seli za kutengeneza rangi, na idadi yake yakaribiana. Tofauti ni kiasi na aina ya rangi zinayotoa. Rangi hiyo huitwa melanini. Hujipanga juu ya kiini cha seli kama mwavuli na kuzuia miale ya jua isikiunguze. Mwambie mtoto atazame kiganja chake, kisha mgongo wa mkono. Mtu ni yule yule, mwavuli tu umetofautiana.

Mtoto mwenye ualbino anazo seli hizo, ila hazitoi melanini ya kutosha. Hali hii hurithiwa. Mara nyingi baba na mama huwa weusi kama sisi, kila mmoja amebeba chembe moja ya urithi huo bila kujua. Wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye ualbino. Mama hakuzini, wala hakuna aliyelaaniwa, na kumshika mkono hakuambukizi.

Melanini huhitajika pia macho yanapojijenga tumboni. Ikipungua, mtoto huona kwa shida, mwanga humuumiza na macho huchezacheza. Ndiyo sababu baadhi yao husoma shule ya vipofu ilhali wanaona kiasi. Wengine husoma shule za kawaida wakipewa miwani, maandishi makubwa na kiti cha mbele.

Na nywele?

Unywele tunaouona umekufa, ndiyo maana kinyozi hatuumizi. Kilicho hai ni shina lake ndani ya ngozi. Nywele za kichwa hukua takriban sentimita moja kwa mwezi. Shina likiwa limepinda, unywele hutoka umejikunja, na mafuta ya ngozi hayateremki vyema hadi nchani. Basi nywele za kipilipili zataka mafuta na kuchanwa taratibu zikiwa na maji. Zile laini za mwilini, tuitazo malaika, zina misuli midogo, nayo ndiyo huzisimamisha tukisisimkwa. Rangi ya nywele pia ni melanini: mzee ikimwishia huota mvi, na mtoto mwenye ualbino nywele zake huwa nyeupe au za manjano tangu kuzaliwa.

Jua la bara hudanganya

Thika iko kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari, na miale inayounguza huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila upandapo mita 1,000. Baridi si kivuli. Kwa asiye na mwavuli wa melanini, jua la kila siku huleta vidonda na hatimaye saratani ya ngozi. Mavazi ya mikono mirefu humkinga. Kofia ya viua haitoshi kwa kuwa haina ukingo, mpe pama. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa nywele, lakini hayazuii jua. Anahitaji losheni maalumu ya kukinga jua, ipakwe tena kila baada ya saa mbili akiwa nje. Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu huwagawia waliojiandikisha, basi mzazi aulize afisi ya kaunti.

Nasi tulio na mwavuli tusiuchane kwa mkorogo. Krimu zenye zebaki zimepigwa marufuku Kenya, na bado dada zetu huzinunua.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 9,729 wenye ualbino. Miongoni mwa Wakenya hao ni Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama ya Rufaa, na Isaac Mwaura, aliyeingia Bunge mwaka 2013 na baadaye akawania kiti cha Ruiru. Mtoto akiuliza tena, mwambie: mwenzako hana mwavuli, msogeze kivulini mcheze naye. Na lile neno "zeruzeru" tuliache, kila mtu ana jina alilopewa na wazazi wake.