Leo Tena na Faili Ambalo Halipo

Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973. Bara tulisubiri hadi 1994, vituo binafsi kama ITV vilipoanza kurusha matangazo. Miaka yote hiyo, sisi wa Singida dunia tuliijua kwa masikio. Si ajabu kwamba kipindi cha mchana kilichotushika zaidi kilizaliwa redioni.

Leo Tena ni kipindi cha Clouds FM, redio iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1999. Baadaye kikaonekana pia Clouds TV, lakini hakikuacha tabia ya redio. Watangazaji kama Dina Marios na Gea Habib walizungumza kama majirani walioketi mkekani: mmoja anaanza, mwingine anadakia. Fundi cherehani au mama anayepepeta alizeti hakuhitaji kuinua macho. Katika Hekaheka, Gea alisimulia visa vya mitaani, na wasikilizaji wakavijadili hadi jioni.

Wapo wanaouita umbea. Mimi ninayesoma historia nauona ushahidi. Nikitaka kujua bei ya alizeti Iramba, nitaomba nyaraka za serikali. Nikitaka kujua mke alisema nini mume alipotoweka na fedha za mavuno, faili hilo halipo. Maneno ya namna hiyo yalisemwa hewani, yakapita.

Tunawahoji wazee kuhusu Operesheni Vijiji na Vita vya Kagera. Tuwahoji na watangazaji hawa, pamoja na wanawake waliowasikiliza, wangali wanakumbuka.